Kiainishi cha picha cha regresheni kinapokosea: dalili, visababishi na tiba

Njia za regresheni za kuainisha picha zimejengwa juu ya wazo moja. Unachukua picha mpya, unajaribu kuijenga upya kwa kuchanganya picha za mafunzo, kila moja ikizidishwa kwa namba yake, yaani kizigeu chake, kisha unaangalia ni kundi gani limeijenga vizuri zaidi. Kile kilichoshindikana kujengwa, yaani tofauti kati ya picha halisi na ile iliyojengwa, ndiyo masalio. Kundi lenye masalio madogo kuliko mengine ndilo jibu.

Njia tatu ndizo msingi wa nyingine nyingi. Mwaka 2009 John Wright na wenzake walitoa SRC, inayotaka vizigeu vingi viwe sifuri na vichache tu vifanye kazi. Mwaka 2010 Imran Naseem, Roberto Togneri na Mohammed Bennamoun walitoa LRC, ambamo kila kundi linaijenga picha peke yake. Mwaka 2011 Lei Zhang, Meng Yang na Xiangchu Feng walitoa CRC, ambamo makundi yote yanajenga kwa pamoja huku vizigeu vikibanwa visikue kupita kiasi.

Matokeo yakiporomoka, wengi wetu hukimbilia fomula mpya. Nadhani hapo ndipo muda mwingi unapopotea. Njia hizi zina sifa ambayo mitandao mikubwa ya neva haina: zinakuonyesha kosa lenyewe, pikseli kwa pikseli. Asiyeitumia sifa hiyo anatibu ugonjwa ambao hajaupima.

Kwanza kabisa: chora masalio

Masalio ni vekta, yaani orodha ya namba, yenye namba moja kwa kila pikseli ya picha. Ipange irudi kuwa picha, ondoa alama za hasi, uitazame. Nukta zilizotawanyika ovyo ni kelele au pikseli zilizoharibika. Doa moja kubwa lenye mipaka ni kitu kilichoziba sehemu ya picha. Mistari myembamba inayofuata kingo za macho, pua na mdomo, mara nyingi ikienda miwili miwili, inasema picha hazikulandanishwa. Mteremko laini kutoka upande mmoja hadi mwingine ni mwanga. Sura nzima ikibaki kwenye masalio, basi kundi sahihi halina picha za kutosha, au kodi, yaani programu uliyoiandika, ina hitilafu.

Chora ya makundi mawili kwa pamoja: kundi sahihi, na kundi lililoshinda kimakosa. Ukiyaweka bega kwa bega utaona ni eneo gani la picha lililompa mshindi wa uongo ushindi wake. Mengine yote hapa chini yanategemea ulichokiona hapo.

Dalili: inakosea hata picha safi

Usiguse λ bado, yaani namba inayoamua vizigeu vibanwe kwa nguvu kiasi gani. Chukua picha moja ya mafunzo, uipe kiainishi kana kwamba ni mpya. Kwa LRC masalio ya kundi lake lazima yawe sifuri, ukiacha makosa madogo ya ukadiriaji wa desimali, kwa sababu picha hiyo imo ndani ya kundi. Kwa CRC hayatakuwa sifuri kamili, lakini yatakuwa madogo sana. Yasipokuwa hivyo, hilo si tatizo la hisabati. Ni hitilafu ya kodi.

Hitilafu ninayoitilia shaka kabla ya zote ni aina ya namba. Picha nyingi zinasomwa kama namba nzima za biti 8, kuanzia 0 hadi 255. Ukitoa 20 kwenye 10 ukiwa ndani ya aina hiyo, NumPy, maktaba ya hesabu ya Python, inazunguka na kukupa 246, na MATLAB inakata na kukupa 0. Hakuna onyo lolote linalotokea kwenye skrini. Masalio yanaharibika kimyakimya, na kiainishi kinaendelea kutoa majibu yanayofanana na majibu ya kweli. Geuza picha ziwe desimali mara tu zinaposomwa, kabla ya hesabu yoyote.

Ya pili ni urefu wa vekta, yaani mzizi wa jumla ya miraba ya namba zake, si idadi ya namba hizo. Picha angavu ina vekta ndefu kuliko picha ya giza, na bila kusawazisha, picha angavu zinavuta hesabu upande wao. Picha za mafunzo hupangwa kwenye matriki (jedwali la namba), kila picha safuwima moja; gawa kila safuwima kwa urefu wake ili zote ziwe na urefu wa 1, na picha ya jaribio vivyo hivyo. Ni kawaida kukuta mtu amesawazisha za mafunzo akasahau ya jaribio.

Kama hayo yako sawa na masalio yanaonyesha mistari miwili miwili kwenye kingo, tatizo ni ulandanishaji. Njia hizi zinalinganisha pikseli na pikseli: ya 500 katika picha hii na ya 500 katika ile. Sura ikisogea pikseli chache tu, jicho linalinganishwa na nyusi. Hakuna adhabu wala uzito utakaofidia hilo vizuri. Rudi kwenye hatua ya kukata picha, weka macho mahali palepale katika kila picha, ndipo uendelee.

Dalili: makundi yote yana masalio yaleyale, au kundi moja linameza kila kitu

Hapa hesabu pikseli na picha. Tuseme umepunguza picha hadi 10 kwa 10, yaani pikseli 100, na kundi moja lina picha 100 zisizotegemeana. Kundi hilo linaweza kujenga picha yoyote duniani kwa masalio ya sifuri: uso, gari, hata kelele tupu. Katika LRC litashinda kila shindano, na ushindi huo hauna maana yoyote. Kundi lenye picha 60 likishindana na lenye picha 6 linapata upendeleo wa aina hiyohiyo kwa kiwango kidogo, ndiyo maana makundi yasiyolingana ukubwa huleta balaa.

Tiba ya kwanza ni kuongeza pikseli au kupunguza picha za kundi kubwa. Tiba ninayoipendelea ni kupata mihimili mikuu michache ya kila kundi (picha za msingi ambazo zikichanganywa zinakaribia kuzijenga picha zake zote) kwa kutenganisha matriki yake, kisha makundi yote yapewe idadi sawa ya mihimili. Kuhusu idadi, kuna mwongozo mzuri wa nadharia: mwaka 2003 Ronen Basri na David Jacobs walionyesha kwamba picha za kitu kisichong'aa chenye umbo lililobinuka nje, chini ya mianga ya mbali ya kila namna, zinakaribiana sana na nafasi ya vipimo 9. Nyuso halisi zina vivuli vya pua na zinang'aa kidogo, kwa hiyo huenda ukahitaji zaidi, lakini mihimili 60 kwa uso mmoja ni kukariri.

Katika CRC kuna hatua ambayo watu huiruka. Wenyewe walioibuni hawalinganishi masalio peke yake. Wanagawa masalio ya kundi kwa urefu wa vizigeu vya kundi hilo, hivyo kundi lililochangia kwa vizigeu vikubwa linapata alama nzuri zaidi. Ni mstari mmoja wa kodi, na inafaa kuujaribu kabla ya lolote jingine.

Dalili: vizigeu vikubwa ajabu, majibu yanayumba

Ukiona vizigeu vya maelfu, kimoja chanya na jirani yake hasi kwa ukubwa uleule, una picha zinazokaribia kufanana kabisa. Hesabu inazitumia kufutana ili ipate punje ya usahihi. Badilisha pikseli chache za picha ya jaribio na jibu linageuka.

Kisababishi kingine kimejificha kwenye namna ya kukokotoa. Ukizidisha matriki ya picha kwa geuzo lake (safu zikiwa safuwima), kipimo cha uyumbaji, yaani jinsi kosa dogo linavyokuzwa kwenye jibu, kinapanda mraba: kilichokuwa 10,000 kinakuwa 100,000,000. Desimali za biti 32 zina tarakimu saba hivi za kuaminika, kwa hiyo umeshazimaliza zote. Tumia biti 64, usitafute kinyume cha matriki moja kwa moja, tumia mtengano wa QR au wa Cholesky, yaani njia za kuivunja matriki iwe rahisi kutatuliwa. Na ongeza λ.

λ haina maana kama safuwima hazijasawazishwa. λ ya 0.001 kwa pikseli za 0 hadi 255 ni sawa na kutoweka chochote. Kwa vekta zenye urefu wa 1 ni namba yenye uzito wa kweli. Itafute kwa hatua za mara kumi kumi, 0.0001, 0.001, 0.01 na kuendelea, kwa kutumia picha za uhakiki ulizozitenga, kamwe si za jaribio la mwisho.

Dalili: ni nzuri kwa picha safi, inaanguka mara kitu kinapoziba

Hili ndilo tatizo lililozaa utafiti mwingi kuliko yote, na kisababishi chake kinaonekana kwenye pikseli tano tu. Tuseme masalio yake ni 0.02, 0.03, 0.01, 0.04 na 0.60, hiyo ya mwisho ikiwa imezibwa na miwani. Piga miraba: 0.0004, 0.0009, 0.0001, 0.0016 na 0.36. Jumla ni 0.363. Pikseli moja kati ya tano imebeba zaidi ya asilimia 99 ya hasara nzima, na regresheni ya miraba itapinda vizigeu vyote ili kuiridhisha hiyo moja. Sura imesahaulika, hesabu inajenga miwani.

Ukitumia thamani kamili badala ya miraba, pikseli hiyo inabeba 0.60 kati ya 0.70, karibu asilimia 86. Ni afadhali, bado haitoshi. Kanuni ya Huber inakwenda mbele kwa kuipa kila pikseli uzito, mdogo kwa yenye masalio makubwa: kadiria mtawanyiko wa kawaida kwa mediani ya ukubwa wa masalio, hapa 0.03, zidisha kwa 1.4826 upate 0.0445, kisha kwa 1.345 upate kizingiti cha karibu 0.06. Pikseli zilizo chini ya kizingiti zinabaki na uzito wa 1. Ile ya 0.60 inapewa 0.06 gawanya kwa 0.60, yaani 0.1.

Meng Yang na Lei Zhang, pamoja na wenzao, walikwenda mbali zaidi mwaka 2011 kwa uzito wenye umbo la mkunjo wa lojistiki: karibu 1 kwa masalio madogo, nusu kamili kwenye kizingiti, na sifuri kwa makubwa. Ukiweka kizingiti kwenye mraba wa nne ukianzia ulio mdogo kabisa, 0.0016, na kuuchagua mkunjo mkali wa 8 gawanya kwa kizingiti, pikseli yenye mraba wa 0.0009 inapata uzito wa 0.97 na ile ya miwani inapata sifuri isiyo na mabishano. Kwa vitu vinavyoziba kabisa, nauamini mkunjo huu kuliko Huber, kwa sababu Huber haimwachi mkosaji moja kwa moja.

Uzito unategemea masalio na masalio yanategemea uzito, kwa hiyo unazunguka: kokotoa masalio, pata uzito, tatua regresheni yenye uzito, rudia hadi uzito utulie. Hapo penye mzunguko ndipo mambo matatu yanapoharibika.

La kwanza ni pa kuanzia. Ukianza na regresheni ya kawaida, umeanza na jibu ambalo miwani imeshalipinda. Pikseli za miwani zinaonekana nzuri, za sura halisi zinaonekana mbovu, na kila raundi inazidi kumpa haki mkosaji. Kwenye ramani ya uzito utaiona wazi: doa limewaka, uso umezimika. Anza badala yake na tofauti kati ya picha ya jaribio na wastani wa picha zote za mafunzo. Wastani huo ni uso usio wa mtu yeyote, lakini hauna miwani.

La pili ni kizingiti. Kwa kawaida huwekwa kwenye nafasi fulani ya masalio yaliyopangwa kwa ukubwa, kwa mfano asilimia 80 kwa picha safi, na chini yake, asilimia 50 au 60, pale ambapo kuziba kunatarajiwa. Ukiacha 80 huku asilimia 40 ya uso imefunikwa, nusu ya pikseli zilizofunikwa zinapita kama nzima. Ukiweka 50 kwa picha safi, unatupa habari nzuri bila sababu. Hakuna kizingiti kimoja kinachofaa picha zote, na ukipata nafasi ya kukichagua kwa kila picha kulingana na umbo la mgawanyo wa masalio, fanya hivyo.

La tatu linasahaulika kwa urahisi mno: uzito lazima utumike pia kwenye uamuzi wa mwisho. Ukitatua kwa uzito, kisha ukalinganisha makundi kwa masalio yasiyo na uzito, miwani inarudi kupiga kura.

Dalili: inastahimili pikseli zilizoharibika ovyo, haistahimili skafu

Hizi si shida moja. Katika majaribio ya Wright na wenzake kwenye Extended Yale B, hifadhi ya picha za nyuso chini ya mianga tofauti, nusu ya pikseli ziliharibiwa ovyo na bado SRC ilitambua picha zote. Kwenye hifadhi ya picha ya AR, iliyotolewa mwaka 1998, miwani inaziba karibu asilimia 20 ya uso na skafu karibu asilimia 40. SRC ilipata asilimia 87 kwa miwani na 59.5 kwa skafu. Skafu inaziba eneo dogo kuliko nusu, lakini inaumiza zaidi. Sababu ni kwamba pikseli zake zinashikamana, zina mpangilio, na kuna mchanganyiko wa nyuso za watu wengine unaoweza kuuigiza mpangilio huo. Kelele ovyo haiigiziki.

Tiba rahisi waliyoitumia wao wenyewe ni kuikata picha vipande nane, kila kipande kikaainishwa peke yake, kisha vikapiga kura. Miwani ilipanda hadi 97.5 na skafu hadi 93.5. Ni badiliko dogo la kodi lenye faida kubwa. Udhaifu wake ni kwamba mipaka ya vipande haijui skafu inaanzia wapi.

Njia nyingine inaiacha picha ibaki matriki badala ya kuinyoosha kuwa vekta. Jian Yang na wenzake, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2017, walipima masalio kwa jumla ya thamani za singula za matriki yake, yaani namba zinazoonyesha nguvu ya kila mpangilio uliomo ndani yake. Mstatili wa rangi moja wa pikseli 40 kwa 40 una pikseli 1,600, lakini ranki yake, yaani idadi ya safu zisizotegemeana, ni 1. Kipimo cha kawaida kinaona makosa 1,600 yasiyojuana, wakati kipimo hiki kinaona kosa moja lenye muundo. Ndiyo maana inafanya vizuri kwa skafu na vivuli vipana. Ikikuangusha, angalia mambo mawili: kama umerudisha matriki kwa mpangilio uleule wa safu na safuwima ulioinyooshea, na kama kinachoziba kimelala mshazari, maana ukanda wa mshazari una ranki kubwa hata ukiwa mwembamba.

Dalili: uimara umetoweka baada ya kupunguza vipimo

Umeweka uzito wa pikseli, kila kitu kilikuwa sawa, ukaongeza PCA, mbinu ya kuifupisha picha iwe namba chache, ili kazi iende haraka, na sasa skafu inashinda tena. PCA inachanganya pikseli zote ndani ya kila kipimo kipya. Kosa lililokuwa mahali pamoja limeenea kwenye vipimo vyote, na hakuna tena kipimo safi cha kukipa uzito mkubwa. Sifa zinazotolewa na mtandao wa neva zina tatizo hilohilo zikichukuliwa kama vekta moja ya picha nzima. Pata uzito kwenye pikseli kwanza, au tumia sifa za vipande vya picha, ambazo bado zinajua zimetoka wapi.

Dalili: kila kundi lina picha moja tu

LRC inageuka kuwa ulinganisho wa picha mbili, na mwanga au tabasamu linaonekana kama mtu mwingine. Weihong Deng, Jiani Hu na Jun Guo walipendekeza mwaka 2012 kuongeza kamusi ya pili, yaani mkusanyiko mwingine wa safuwima za kujengea. Chukua watu wengine wenye picha nyingi, toa wastani wa kila mtu kwenye picha zake, na tofauti zinazobaki, yaani mwanga, tabasamu na miwani bila mwenyewe, ziwe safuwima za kusaidia kujenga. Hazihesabiwi kama kundi. Ikiwa haisaidii, mara nyingi ni kwa sababu watu hao wengine walipigwa picha katika mazingira yasiyofanana na ya kwako.

Dalili: ni polepole mno

CRC ya kawaida inakokotoa matriki yake ya makadirio mara moja tu, kisha kila picha mpya ni kuzidisha. Uzito unavunja faida hiyo, kwa kuwa kila picha ina uzito wake na kila raundi ina regresheni mpya. Ushauri wangu: pitisha kila picha kwenye CRC ya kawaida kwanza, na zile tu ambazo nafasi ya kwanza na ya pili zimekaribiana zipelekwe kwenye njia ya uzito. Angalia pia upande mdogo wa matriki. Kama picha ni chache kuliko pikseli, tatua mfumo wenye ukubwa wa idadi ya picha, na kinyume chake.

Dalili: kitu kisichojulikana kinapewa jina kwa ujasiri

Masalio madogo kabisa yapo daima, hata kama makundi yote ni mabovu. SRC ilikuja na kipimo cha kukataa: idadi ya makundi mara sehemu ya vizigeu iliyo kwenye kundi lenye nguvu zaidi, toa 1, gawanya kwa idadi ya makundi toa 1. Jibu likiwa karibu na 1, vizigeu vimekusanyika kwenye kundi moja. Likiwa karibu na 0, vimetawanyika na picha haifai kupewa jina. Ukiwa na makundi 10 na kundi lenye nguvu lina asilimia 28 ya vizigeu, kipimo ni 2.8 toa 1, gawanya kwa 9, yaani 0.2. Hiyo ikataliwe.

Usikihamishie CRC kizingiti ulichokipata kwenye SRC. Vizigeu vya CRC hutawanyika kwa asili yake hata jibu likiwa sahihi, kwa hiyo kipimo kitakuwa kidogo kwa kila picha. Kitafute upya kwa seti ya uhakiki ambayo ndani yake umeweka kwa makusudi vitu visivyo vya kundi lolote.